Mshenga Aliyeacha Nyama

Mara ya kwanza Celina Kokubanza kukutana na Kaijage, Kaijage alikuwa amekalia kiti cha Celina, katika sebule ya Celina pale Muleba, anakula mbuzi wa Celina, na huku anamnyang'anya Celina mbuzi wengine watatu.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mshenga, mtu anayetumwa na familia ya kijana kwenda kuzungumza mahari kwa kina binti. Siku hiyo watu wa Kamachumu walikuwa wamemtuma kumposa Kokuberwa, mpwa wa Celina aliyelelewa humo ndani. Wajomba walikaa mbele na kofia zao, lakini kila mtu alijua bei inatoka kwa Celina, na Celina alikuwa ametaja mbuzi sita. Kaijage hakubisha. Aliomba chumvi. Akasifu ndizi, akauliza ni mikono ya nani iliyozipika, akataka huyo mama aitwe kutoka jikoni amshukuru uso kwa uso. Akala sahani ya pili. Akaomba mfupa, akaunyonya kwa adabu kama askofu. Alipofika sahani ya tatu, akina mama wote wa jikoni walikuwa wake, na wajomba walikuwa wanacheka.

"Ma Celina," akasema, akijifuta vidole kimoja kimoja, "sasa hapa sisi ni watu wa nyumba moja. Nimekula kwenu mpaka nimelegeza mkanda. Kweli mtu umlishe namna hii, halafu umtoze mbuzi sita kama mgeni wa barabarani?"

Wajomba wakaguna kwa huruma. Mbuzi wakawa watatu.

Celina alimtazama akiondoka na lile koti lake la kahawia, tumbo limetangulia, akamdharau kwa moyo wote. Hakuwa na shida na mtu kumshinda bei. Yeye mwenyewe alianza na beseni la ndizi mbivu kichwani, akikimbilia madirisha ya mabasi ya Biharamulo, na sasa alikuwa na Fuso mbili zinazopeleka mikungu Mwanza. Alikuwa ameshakabwa na kukaba watu wengi. Kilichomkera ni kwamba yule bwana alikuwa na silaha moja tu, tumbo, na watu wazima na akili zao waliishangilia. Zamani Kaijage alikuwa karani wa mizani kwenye chama kimoja cha wakulima wa kahawa, mpaka mizani ilipoanza kusema uongo kwa niaba yake, wakamwomba aende nyumbani. Toka hapo alikula kwa mdomo, kwa maana zote. Mke wake alikuwa amekufa, watoto walikuwa Dar na hawakupiga simu, na yeye kila Jumamosi alikuwa kwenye meza ya mtu fulani akiomba chumvi.

Lakini akaandika kichwani: huyu siku moja nitamhitaji.

Walikutana tena miaka minne baadaye, kwenye benchi la kliniki moja mjini Bukoba. Celina alifuata vidonge vyake. Alikuwa na mafuta mengi kwenye damu, ile wanayoiita kolesteroli, na alikuwa anameza kidonge kimoja kila jioni mwaka wa tano huo. Hakukipenda wala hakukichukia. Mwanzoni kilimpa maumivu ya misuli ya miguu, akaja kulalamika, Dokta Judica akampunguzia dozi na maumivu yakaisha. Chakula pia alikipunguza: nyama mara moja kwa wiki, ngozi ya kuku apewe mbwa, mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko na siyo kwa kumimina. Siku ya kwanza alikuwa amejaribu kupatana na daktari. "Nikiacha nyama kabisa, unaniondolea kidonge?" Dokta Judica, binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, hakutikisika. "Mama, kwa namba zako, chakula kitashusha kidogo na kidonge kitashusha zaidi. Unavihitaji vyote viwili." Celina alijua sauti ya mtu ambaye bei yake haishuki. Akalipa, akaenda nyumbani.

Kaijage alitoka chumba cha daktari anapepea karatasi.

"Saba nukta nne!" akatangazia benchi zima. "Ma Celina, waitu, ndugu yangu, umeona? Wananiambia damu yangu ni mafuta matupu. Yule mtoto anataka nimeze kidonge kila siku mpaka nife."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimempa masharti." Akaketi, benchi likalia. "Miezi mitatu. Nitajitibu kwa chakula. Nikirudi namba imeshuka, vidonge vyake aweke kabatini. Babu yangu alimeza kidonge gani? Alikula ndizi, akafika miaka tisini."

"Babu yako alikuwa analima."

"Na mimi natembea."

"Unatembea mpaka kwenye sahani."

Benchi likacheka. Kaijage naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kukasirika mbele ya watazamaji. Lakini Dokta Judica alikuwa ametokea mlangoni. "Mzee, nimekukubalia miezi mitatu, ila nimekuambia namba yako iko juu mno kwa chakula peke yake. Sitaki useme hukuambiwa."

"Nimesikia, binti yangu," alisema Kaijage, kwa ile sauti aliyoitumia kwa wakwe wagumu.

Celina alipanda gari kurudi Muleba anatabasamu. Alitaka sana kuona mtu anayeishi kwa kula akijaribu kuishi kwa kutokula.

Aliona. Kaijage aliitangazia dunia. Alisema baada ya misa, alisema msibani mtu akiwa bado hajazikwa: ameacha nyama, vidonge ni vya watu waliokata tamaa. Na kweli nyama aliiacha, ukimsikiliza yeye anaiita nini nyama. Mchuzi haukuwa nyama, kwa hiyo aliunywa kwa bakuli. Utumbo haukuwa nyama. Utumbo ni utumbo, na katogo ya utumbo na ndizi ni chakula cha asubuhi, siyo dhambi. Ngozi ya kuku ilikuwa ngozi. Halafu ikaingia Novemba, senene, wale panzi wenye mafuta, wakaja.

Celina alimkuta kwenye harusi ya jirani, sinia la senene mapajani, anatupia mdomoni kama mtu anayelishwa na mashine.

"Ta Kaijage, si uliacha mafuta?"

"Hebu muulize mpishi," akasema, mdomo umejaa. "Mpishi! Hawa uliwawekea mafuta?"

"Hata tone," akasema mpishi. "Senene wanajikaanga wenyewe."

"Umesikia?" Akamnyooshea Celina kidole kinachometameta. "Hata tone."

"Wanajikaanga kwa nini, kama siyo kwa mafuta yao? Kwa maji ya baraka?"

"Hayo ni mafuta ya Mungu. Hayahesabiwi."

Na watu wazima waliokaa naye, mmoja wao mwalimu mkuu mstaafu, walitikisa vichwa kukubali. Celina aliondoka. Upumbavu wa mtu mmoja ulikuwa hauna faida kwake. Upumbavu wa meza nzima ulimchosha.

Siku tatu baadaye Kaijage alikuja ghalani kwake, nyuma ya soko, saa sita mchana, wakati wapakiaji wamekwenda kula. Hakuwa na koti. Alifunga mlango mwenyewe.

"Nimepima," akasema. "Kimyakimya, kwenye maabara moja ya mtu binafsi. Saba nukta tisa."

"Imepanda."

"Nimekuambia namba, sijakuomba hesabu." Akakaa juu ya mkungu wa ndizi bila kuangalia. "Ma Celina, wewe unameza vile vidonge. Nipe."

"Nenda kwa Dokta Judica. Ndiyo kazi yake."

"Niende nikamwambie nini yule mtoto? Nimesema kanisani! Nimesema kwenye msiba wa Byarugaba, watu mia tatu!"

"Nenda duka la dawa hapa Muleba."

"Kwa Riyadhi? Yule ukimnunulia dawa ya minyoo, kabla hujafika nyumbani mke wako anajua." Akashusha sauti. "Nipe vya wiki sita tu, mpaka nikapime. Nishike namba, halafu nitajua la kufanya."

Celina alimwangalia yule mzee mnene aliyekaa juu ya ndizi zake. Mtu alikuwa tayari kumeza kidonge ili athibitishe kwamba kidonge hakifai. Katika biashara zote alizowahi kuziona, hiyo ilikuwa mpya. Lakini hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaanza kupima kitu kingine.

Mwanawe Damian, aliyesimamia zile Fuso mbili, alikuwa anamtaka Elieth, fundi cherehani, binti wa Mzee Kahigi wa Kaagya. Kahigi alikuwa Mlutheri wa mstari ulionyooka, mkulima wa kahawa, na alikuwa ameshawarudisha washenga wawili na orodha yake haijapungua hata jembe. Kwenye orodha kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, wa kisasa, mwenye mimba. Mbuzi Celina angewatoa, na blanketi, na jembe. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa anamnyima amani. Ng'ombe wa kisasa mwenye mimba ni tairi nane za Fuso.

"Nitakupa," akasema. "Na wewe utamsemea Damian kwa Kahigi. Bure. Na ng'ombe atoke kwenye orodha."

"Kahigi?" Kaijage akapiga mluzi. "Yule ni jiwe."

"Ndiyo maana nakupa dawa, sikupi pole."

"Na hili linabaki hapa?"

"Linabaki hapa mpaka ng'ombe atoke. Baada ya hapo pia, usipoleta maudhi."

Kaijage alifikiri muda wa mtu kumenya ndizi moja. Kisha akanyoosha mkono.

Wiki ile ile Celina alikwenda Bukoba akanunua vidonge mara mbili ya kawaida yake. Alijua dawa ya mtu mmoja hapewi mtu mwingine; Dokta Judica alikuwa amemwambia hivyo kwa maneno mepesi kabisa. Akajiambia Kaijage ni mtu mzima.

Katikati ya Desemba namba ya Kaijage ilikuwa nne nukta nane. Alisimulia mwenyewe jinsi daktari alivyoitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena.

"Kwa chakula tu, mzee?"

"Kwa chakula tu, binti yangu."

"Hongera," alisema Dokta Judica, na Kaijage alimwigizia Celina ile hongera, kavu kama ganda la kahawa. "Basi ukiona unaumwa misuli, uje uniambie. Maana chakula huwa hakiumizi misuli."

Alijua, yule binti. Kaijage hakujali. Alikwenda kwa mtu wa fotokopi pale karibu na stendi, akaiwekea karatasi plastiki ngumu pande zote mbili kama kitambulisho, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Januari, Jumamosi ya pili, walikwenda Kaagya. Wanaume waliketi sebuleni kwa Kahigi chini ya kalenda ya dayosisi. Celina, kama mama wa kijana, alipelekwa nyuma, jikoni kwa Anatolia, mke wa Kahigi, mama mfupi mwenye macho ya kupima. Kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu. Maneno yote yalipita.

Chakula kikaja: ndizi, samaki, na mbuzi wa kuchoma kwenye sinia kubwa. Celina akatega sikio kusikia Kaijage akiomba chumvi.

"Ta Kahigi," ilisema sauti ya Kaijage, "uniwie radhi. Nyama sitakula."

Jikoni mwiko ulisimama. Sebuleni pakawa na kimya kibaya, kile ambacho baada yake watu huvaa kofia.

"Umekuja kuposa kwangu," alisema Kahigi polepole, "na unakataa chakula changu?"

"Nakataa nyama, sikatai nyumba. Ndizi zako nitazimaliza. Tazama kwanza hiki, waitu."

Celina alisikia plastiki ikigonga meza. Alichungulia penye upenyo wa pazia. Kahigi alikuwa mrefu, mkavu, miwani imeshuka puani, na alikuwa anasoma karatasi kwa kidole. Alisoma tarehe mbili. Alisoma namba mbili, saba nukta nne na nne nukta nane. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mshenga aliyewahi kumwona akifanya: aliingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka mezani kando ya ile karatasi.

"Mwaka wa pili," akasema. "Kila jioni. Kama mgonjwa. Mke wangu ananipimia mafuta kwa kijiko, ananihesabia vidonge kama mtoto. Na wewe umeshusha bila hivi?"

"Bila."

"Kwa kula nini?"

Na Kaijage akafunguka. Celina alikuwa amesikia wauza ng'ombe na wahubiri wa mnadani, lakini siku ile yule mtu alijipita. Alieleza ndizi za kuchemsha, maharage, mchicha usiokaangwa, matembezi ya asubuhi, maji ya uvuguvugu. Mengi yake yalikuwa kweli kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Dokta Judica mwenyewe angeyasema. Alidanganya tu pale penye kidonge. Alieleza hata senene, mafuta yasiyohesabiwa, na mzee mmoja wa upande wa pili akasema, "Hilo nililijua siku zote."

"Unifundishe," alisema Kahigi. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeomba. "Kila kitu. Uniandikie."

"Nitakuandikia, ndugu yangu. Mkwe humfundisha mkwe." Yule mwizi akaacha neno lizame. "Lakini hii orodha... Ng'ombe wa maziwa, mzee mwenzangu? Maziwa yenye mafuta, kwa mtu mwenye damu kama yako na yangu? Hiyo si mahari. Hiyo ni sumu ninayokuletea kwa kamba."

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Hata Kahigi alicheka, na Anatolia baadaye alisema alikuwa hajamsikia akicheka tangu kahawa ya mwaka juzi.

"Ng'ombe mfute," akasema Kahigi.

Jikoni Anatolia hakucheka. Alikuwa amemgeukia Celina, mwiko bado mkononi.

"Mama Damian. Huyu mzee wenu. Ni kweli alishusha bila dawa?"

Celina alikuwa anamtazama usoni. Kupitia upenyo wa pazia aliona kalamu ikipita juu ya ng'ombe.

"Maana huyu wangu," Anatolia aliendelea, kwa sauti ya chini, "toka aanze vidonge presha nayo imetulia, analala. Akiviacha, mimi nitamshikaje? Hanisikii. Atamsikia mwanamume mwenye karatasi."

Lilikuwa neno moja tu. Celina alikuwa nalo mdomoni. Lakini lile neno lilikuwa na pembe, kwato na mimba ya miezi mitano.

"Kila mtu na mwili wake, mama," akasema.

Anatolia alimwangalia muda kidogo zaidi ya inavyostahili, kisha akarudi kwenye sufuria.

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka. Celina alinunua tairi.

Kahigi alifuata mafundisho kama alivyofuata katekisimu. Elieth, ambaye sasa alikuwa akishona kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Celina, alikuwa akisimulia kwa fahari: baba ameacha vidonge, baba anatembea mpaka barabarani na kurudi, baba amepungua. Kwenye kabati, pakiti zilizobaki alikuwa amezifungia pamoja na stakabadhi za zamani za kahawa. Mei senene walipokuja tena, alikula sinia zima bila woga wowote, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa amemwandikia kwa mkono kwamba mafuta yao hayahesabiwi.

Celina alisikiliza yote hayo, akala nusu sahani yake, akameza kidonge chake. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili alikumbuka kwamba kumwumbua Kaijage ni kujiumbua yeye.

Juni, asubuhi ya Jumanne, Kahigi aliinama kufunga kamba ya kiatu na hakuinuka. Kiharusi. Alipona roho, lakini mkono wa kulia ulikufa na maneno yakampotea. Kilichobaki kilikuwa "eeh" moja, aliyoitumia kwa kila kitu. Hospitalini walimwambia Anatolia kwamba hakuna anayeweza kuapa ni kitu gani hasa kilichomwangusha. Umri ulikuwepo, presha ilikuwepo. Halafu wakamwuliza aliacha dawa lini, na alipojibu, mwuguzi akaacha kuandika.

Kaijage alikwenda kumpa pole. Mtu huyu hakuwa na aibu hata ya kukopa. Alikaa kando ya kitanda pale Kaagya, akasema labda Ta Kahigi alizidisha chumvi, labda hakutembea vya kutosha, na ili kumtia moyo mgonjwa akatoa ile karatasi yake ya plastiki, akaionyesha. Kahigi aliinua mkono wa kushoto, taratibu, akaishika. Kaijage alivuta. Kahigi hakuachia. "Eeh," akasema Kahigi, akimkazia macho. Walivutana pale mbele ya watu, wazee wawili, mmoja nusu yake imekufa, na mwenye nusu akashinda. Tangu siku hiyo anaitumia kufukuzia nzi.

Elieth alirudi Kaagya kumuuguza baba yake, cherehani yake ikiwa juu ya Fuso. Baada ya wiki mbili Damian alimfuata.

"Na magari?" Celina alimwuliza.

"Mama, kule hakuna mwanamume wa kukata mkungu wala kuchuma kahawa. Nitapata dereva wa kukuendeshea."

Dereva alipatikana. Safari ya tatu Fuso moja ilifika Mwanza na ndizi zimeiva zote, kwa sababu dereva alikuwa na mchumba Geita.

Zile wiki sita zilikuwa zimerefuka kuwa miezi, na siku Kaijage alipokuja tena ghalani kufuata vidonge, saa sita mchana, bila koti, Celina alikuwa anamngoja.

"Vimekwisha."

"Vimekwisha kwako, au kwangu?"

"Kwako."

"Ukinitaja unajitaja, Ma Celina." Alisema kwa upole, kama mtu anayekumbusha bei.

"Najua. Nakwenda kujitaja kesho. Wewe nenda kwa Riyadhi."

Alimwona akihesabu: aibu upande huu, saba nukta tisa upande ule. Haikumchukua muda. Kuhusu ngozi yake mwenyewe Kaijage hakuwa mjinga hata kidogo. Alikwenda Bukoba kwa Dokta Judica, akaandikiwa cheti chake mwenyewe, akakileta kwa Riyadhi kwa miguu yake, na jua lilipokuwa linazama Muleba yote ilikuwa inajua. Wiki iliyofuata alikuwa anawaambia watu nje ya kanisa kwamba yeye siku zote alisema ni chakula pamoja na dawa. Kama kuna waliosikia nusu, hilo ni tatizo la masikio yao.

Celina alikwenda Kaagya. Alimkuta Anatolia jikoni, pazia lile lile, mwiko ule ule. Hakuketi. Alimwambia yote bila kupamba: vidonge, wiki sita, ng'ombe, na lile neno alilolimeza akiwa amesimama pale pale.

Anatolia alisikiliza mpaka mwisho. Alifunika sufuria.

"Nilijua," akasema. "Ulisema kila mtu na mwili wake, nikajua. Mwanamke anayejua ukweli hajibu hivyo. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anacheka." Akajifuta mikono. "Basi lete ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Wa kwenye orodha. Kila mwezi nakodi gari kumpeleka hospitali, na maziwa yana soko hapa. Wa kisasa."

Miaka thelathini ya soko ilimjia Celina mdomoni yenyewe. "Mtamba mzuri naweza kupata Karagwe, ambaye bado..."

"Mwenye mimba," alisema Anatolia.

Celina aliuza zile tairi, mpya karibu zote, kwa hasara.

Ng'ombe yuko Kaagya, amezaa ndama jike, na Damian ndiye anayemkamua; Celina akipiga simu jioni huambiwa yuko zizini. Kahigi anameza kidonge chake kutoka mkononi mwa mkewe na anasema eeh. Kaijage ana miaka sabini na moja, damu yake ni nne nukta tano, amepungua mpaka koti linamning'inia, na Dokta Judica anamsifu kwamba ni mgonjwa mtiifu. Kazi ya ushenga imemwisha. Familia mbili tatu zilimwita, lakini alipokaa mezani na kusema ataanza na mchicha, akina mama wa jikoni hawakutoka kuja kumtazama.